Kamba Kumi na Moja za Andati

Mashua ya Andati ilikuwa na urefu wa mita nne na kamba kumi na moja. Naliaka alizihesabu akiwa amesimama ukingoni mwa bwawa, mkoba wake wa ushonaji begani. Alipomaliza akazihesabu tena, kwa kuwa hakuamini.

"Fundi," akasema, "umefunga mbuzi wangapi humu ndani?"

Andati hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye mashua, akikaza skrubu. "Kila kamba ina kazi yake, Mama Sylvia."

"Hii je?"

"Hiyo inashusha tanga."

"Na hii?"

"Hiyo inazuia hiyo nyingine isishushe sana."

"Na hii ndogo?"

Andati aliitazama ile kamba ndogo kwa muda. "Hiyo bado naifikiria," akasema.

Naliaka alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

Andati alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha sukari, akitengeneza mashine za kusaga miwa. Alipostaafu alirudi kwenye shamba la baba yake karibu na Lumakanda, mjane wa miaka hamsini na tisa mwenye sanduku la spana na mikono isiyojua kukaa bure. Mwaka wa kwanza alitengeneza kila kitu cha majirani kilichoharibika. Mwaka wa pili akaanza kutengeneza na vile visivyoharibika, na majirani wakaanza kumkwepa.

Kisha mvua ya Machi ikachukua daraja.

Daraja lile lilikuwa njia ya kwenda kwenye jokofu kubwa la maziwa la chama cha wafugaji, lililo ng'ambo ya bwawa. Bwawa lenyewe lilichimbwa na mzungu aliyemiliki shamba lile zamani, na alilichimba kama mtu aliyetaka kuonekana kutoka mbinguni. Kulizunguka kwa barabara ya juu, bila daraja, kulichukua saa mbili za matope, na maziwa ya jioni yalikuwa yakifika yameganda. Chepkemoi, mwenyekiti wa wafugaji wa upande huu, alikuwa amemwaga mikebe yake kwenye shimo mara tatu wiki moja. Mara ya nne alimwendea Andati akamuuliza kama fundi wa mashine anaweza kufikiria kitu.

Andati alifikiria mashua. Injini ya petroli haikukubalika, kwa kuwa ng'ombe walikunywa maji yale na watu pia. Kuhusu kupiga kasia, Andati mwenyewe alikataa akisema kasia ni jambo la kizamani. Likabaki tanga. Alitazama video kwenye simu kwa wiki mbili, akanunua mbao za msaiprasi, akajenga. Mashua ilipokamilika watu walikubali, kwa shingo upande, kwamba ilikuwa nzuri.

Tanga alilishona Naliaka. Duka lake la ushonaji lilikuwa sokoni Lumakanda, na wateja walimwita Mama Sylvia kwa jina la binti yake aliyekuwa akifundisha Eldoret. Yeye pia alikuwa peke yake, mwaka wa kumi sasa. Kitu ambacho wengi hawakukijua ni kwamba alizaliwa Budalang'i, kando ya ziwa, katika nyumba ambayo matanga yalikaushwa uani pamoja na nguo za watoto. Alilishona tanga la Andati kwa turubai la buluu, akalipenda alipolimaliza. Shida ilianza alipoona kamba.

"Asubuhi upepo wa hapa ni wa kupuliza chai," alimwambia siku ile ukingoni. "Tanga lote linahitajika. Saa kumi jioni ni upepo mwingine kabisa. Lazima uweze kulipunguza tanga. Hapo tunakubaliana?"

"Tunakubaliana."

"Basi ni kazi ya kamba mbili."

"Mashine nzuri," akasema Andati, "haimwachii mtu kazi ya kubahatisha."

Kesho yake alimfuata dukani na mchoro. Naliaka alikuwa na sare za kwaya za kumaliza, lakini alisogeza kitambaa akampa nafasi mezani. Andati alieleza. Tanga lilikuwa na mti juu na mti chini. Yeye angeufanya ule mti wa chini uzunguke, ili tanga lijiviringe juu yake kama mkeka. Cha kuuzungusha kingekuwa mnyororo wa baiskeli, na cha kuzungusha mnyororo kingekuwa pedali.

"Pedali," Naliaka akarudia.

"Ya mkono."

"Fundi, unataka kupunguza tanga ama kulisaga?"

Alichukua chaki yake ya kushonea akachora kwenye meza yenyewe. Pembe nne za tanga. Kisha mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma, juu kidogo ya mti wa chini, wenye matundu yaliyotiwa pete za chuma. "Unashusha tanga kidogo. Unafunga hapa mbele, unafunga hapa nyuma, sehemu ya chini inabaki imelala kama upindo wa sketi. Baba yangu alifanyanga hivi akiwa na kiko mdomoni."

"Na fundo likilowa?"

"Unalifungua."

Andati alitazama mchoro, akatazama mkono wake wa kulia, akaukunja mchoro wake mwenyewe taratibu. "Tujaribu kwanza wangu," akasema.

Walijaribu wake Jumatano. Chepkemoi alipanda na mikebe minne ya maziwa, yeye na Andati wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea yaliyonunuliwa Kisumu kwa amri ya chama. Mashua ilitoka vizuri kutoka kwenye ghuba ndogo yenye mikaratusi, ikateleza mpaka katikati, na hapo upepo wa saa kumi ukawapokea. Andati akashika pedali. Mti ukazunguka mara moja, tanga likajiviringa. Ukazunguka mara ya pili. Mara ya tatu turubai likaingia kwenye meno ya mnyororo, na kila kitu kikasimama isipokuwa upepo.

Tanga halikupanda wala kushuka. Mashua ililala ubavu, mikebe miwili ikaanguka, vifuniko vikaruka. Waliokuwa ukingoni walimwona Chepkemoi amekumbatia mikebe miwili iliyobaki kama watoto wake, akimwambia Andati mambo kwa Kikalenjin ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Upepo uliwapeleka mpaka kwenye matete ya upande wa tuta, wakakwama hapo salama, na nyuma yao maji yalikuwa meupe kama uji.

Alfajiri iliyofuata Andati alikuta pakiti ya majani ya chai imefungwa kwenye mlingoti. Siku ya pili, sukari. Sokoni walimuuliza kama bwawa limechemka.

Naliaka hakuleta majani wala sukari. Alikuja na uzi mnene na pete za chuma kwenye kopo, akalivua tanga, akaenda nalo dukani. Baada ya siku mbili likarudi na mistari miwili ya matundu, mmoja chini, mwingine juu yake. Andati aling'oa mnyororo na pedali. Kamba tisa zikatoka pia.

"Sasa," Naliaka akasema Jumamosi ile, amevaa jaketi la Chepkemoi lililombana, "utaona. Tunapunguza hapahapa nchi kavu, kabla ya kutoka. Tukifika kwenye upepo tuko tayari."

Hawakubeba maziwa. Chepkemoi alikuwa amekataa kutoa hata kijiko, ila alikuja kutazama.

Walifunga tanga, likawa dogo na nadhifu, wakasukuma mashua majini. Ikaenda hatua kumi. Ikasimama. Nyuma ya ile mikaratusi hapakuwa na upepo hata wa kusogeza jani, na tanga lililopunguzwa halikuwa na cha kukamata. Mita mia mbele yao maji yalikuwa yakiruka kwa upepo. Pale walipokuwa, inzi walitua kwenye mti wa chini wakapumzika.

Robo saa ikapita. Ng'ombe walishuka kunywa maji, wakawatazama.

"Ziwani kwetu hakuna miti," Naliaka akasema hatimaye.

"Naona," akasema Andati, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatabasamu.

"Usinicheke."

"Sijacheka. Natazama tu upindo wa sketi."

Kutoka ukingoni Chepkemoi akapaza sauti: "Nyinyi wawili! Mnapeleka maziwa ama mnachumbiana?"

Naliaka alihisi joto masikioni. Akachukua kasia lililokuwa chini ya kiti akamsukumia Andati. "Piga, Fundi. Tutoke hapa kabla hajaita wengine."

Andati alilishika kasia kwa mkono wa kushoto. Akavuta mara moja, mara mbili, na mashua ikaanza kuzunguka mahali pamoja. Naliaka alifungua mdomo aseme jambo la kuchekesha, na lilikuwa tayari ulimini, lakini akaona jinsi Andati alivyoubana ule mkono wa kulia ubavuni, na jasho lililomtoka juu ya mdomo. Akafunga mdomo.

"Bega?" akauliza.

Andati aliweka kasia chini. "Mwaka wangu wa mwisho kiwandani niliteleza nikiwa juu ya kinu. Nilishika chuma nikaning'inia. Walinishusha, lakini bega halikurudi vile lilivyokuwa. Nikiinua mkono zaidi ya hapa," akaonyesha kifuani, "unaniacha. Na vidole vya mkono huu havina nguvu ya kufungua fundo kavu, sembuse lililolowa."

"Ndiyo maana ya pedali."

"Ndiyo maana ya pedali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

Naliaka alitaka kusema hapana. Alifikiria mbuzi, na kusaga, na vyote alivyovisema mbele ya watu mwezi mzima huo, akaona kwamba hapana lingekuwa neno jepesi mno. Alichukua kasia, akahamia upande wa pili, akawarudisha ukingoni mwenyewe. Chepkemoi, aliyekuwa na utani mwingine tayari, alitazama nyuso zao akaumeza.

Jumatatu Naliaka alienda mwenyewe kwa Andati. Alimkuta ameketi mbele ya karakana yake, hafanyi chochote, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nimekuja kuulizia mashine," akasema. "Mashine inayotumika kwa mkono mmoja, wa kushoto. Bila fundo. Na bila mnyororo, maana turubai langu bado lina mafuta ya baiskeli."

Andati akasogeza benchi.

Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Ubishi ule ulikuwa tofauti na wa kwanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshindwa mara moja. Naliaka alikubali kwamba tanga lazima lipunguzwe palepale majini, nje ya miti, wakiwa wamelitumia lote kutoka ghubani. Andati alikubali kwamba hakuna kitu kitakachozunguka. Kwa pembe ya mbele Naliaka alitaka kamba, Andati akatikisa kichwa. Akaingia karakanani akatoka na kipande cha springi ya lori, akakipasha moto, akakigonga, na kabla ya chai ya tatu kilikuwa ndoano nene yenye shingo fupi.

"Hii inakaa kwenye mlingoti," akasema. "Nashusha tanga, natia pete ya mbele kwenye ndoano. Basi. Hakuna kufunga."

Naliaka aliigeuza ndoano mkononi. Hakuwa na la kuitania. "Na nyuma?"

"Nyuma kamba yako moja. Ipite kwenye pete, irudi mbele mpaka nilipo. Navuta kwa kushoto, naibana kwenye kipande cha mti chenye mwanya. Mwanya unaiuma, haitoki."

"Na vikamba vya kwenye matundu ya katikati?"

"Ni vya kuzuia kitambaa kisipigepige tu. Utavifunga wewe ukipenda."

Maneno hayo, utavifunga wewe, yalibaki hewani kidogo. Hakuna aliyekuwa amesema kwamba Naliaka angekuwa ndani ya mashua.

Yeye alikimbilia habari za tanga. "Mistari miwili ni mingi," akasema. "Niliiweka kama ya ziwani, unapunguza kidogo, halafu kidogo tena. Hapa upepo haupandi ngazi. Uko ama hauko. Nautoa huu wa chini, nabaki na wa juu peke yake. Ukipunguza, unapunguza kweli."

Wiki ile nzima walifanyia mazoezi nchi kavu. Mashua iliwekwa kwenye nyasi nyuma ya duka, mlingoti umesimama, na Andati akavaa jaketi la kuokolea kwa sababu Naliaka alisema litambana siku yenyewe na ni vizuri alizoee. Alimpimia muda kwa simu. Mara ya kwanza dakika nne. Naliaka alipaka rangi nyekundu kwenye kamba ya kupandishia tanga, mahali pa kusimamia, ili asikisie. Dakika mbili. Kisha akaja na beseni.

"Hilo la nini?" Andati akauliza.

"Mvua," akasema Naliaka, akammwagia.

Wateja waliokuja kuchukua nguo zao walimkuta mzee mzima amesimama ndani ya mashua kwenye nyasi, anatiririka maji, anavuta kamba kwa mkono wa kushoto, na fundi wao wa nguo akipiga kelele, "Pete kwanza! Pete kwanza!" Walichukua sare wakaondoka kimyakimya. Siku ya Alhamisi alifika nusu dakika, amelowa chapachapa, na Naliaka akasahau kwamba alikuwa ameshika beseni, akapiga makofi, likamwangukia mguuni.

Ijumaa saa tisa u nusu Chepkemoi alileta mikebe sita. Aliifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, kila mmoja, akavuta kuhakikisha.

"Unakuja?" Andati akamuuliza.

"Mimi nitawatazama kutoka hapa," akasema. "Nimeshaoga maziwa mwaka huu."

Walitoka ghubani na tanga zima, taratibu, Naliaka kwenye usukani. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Turbo, meusi kama masizi. Mashua ilipofika mwisho wa miti Naliaka aliona mstari mweusi ukija juu ya maji, na nyuma yake maji meupe.

"Fundi."

"Nimeuona."

"Nageuza uso wa mashua kwenye upepo. Sasa!"

Tanga likapigapiga. Andati aliachia kamba mpaka rangi nyekundu ikafika kiganjani, akaibana. Akanyoosha mkono wa kushoto kuvuta pete ya mbele, akaikosa ndoano. Upepo ukawafikia, mashua ikainama, mkebe mmoja ukaguna ndani ya kamba zake. Naliaka alikuwa na neno kooni, akalizuia. Andati akavuta tena. Pete ikaingia. Kisha kamba ya nyuma, mvuto mmoja mrefu kwa mkono wa kushoto, akiegemea nyuma kwa uzito wake wote, na mwanya wa mti ukaiuma.

Mashua ikainuka. Mti wa chini ukatulia, upindo wa buluu umelala juu yake, na tanga dogo likashiba upepo bila kupigana nao. Naliaka akageuza usukani, wakaanza kwenda, kwa kasi iliyomfanya acheke kama msichana. Mvua ya mawe ikaanza kugonga vifuniko vya mikebe.

"Vikamba vya katikati!" Andati akasema kwa sauti.

"Viache vipigepige!" akajibu. "Vinapendeza!"

Ng'ambo, Ignatius, msimamizi wa jokofu, alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Alifungua mikebe mmoja mmoja, akatumbukiza kipimo chake, akakitazama kwa umakini uliozidi, kwa kuwa habari za Jumatano ile zilikuwa zimemfikia.

"Hamjaongeza maji?" akauliza.

"Maji yote tuko nayo kwenye nguo," akasema Naliaka. "Pima haraka, tunahisi baridi."

Walivusha maziwa hivyo Juni yote, Julai, Agosti, mpaka Oktoba. Siku nyingine Chepkemoi alikubali kupanda, na alipokubali alijisifu njia nzima kwamba wazo la mashua lilikuwa lake. Andati alijifunza kuacha kamba mbili zibaki mbili. Jaribio la tatu alilileta Agosti, kengele ndogo ya kumkumbusha mtu wa usukani kugeuza uso kwenye upepo, na Naliaka akaikubali kwa sababu ya mlio wake, akaining'iniza dukani juu ya mlango.

Mwezi wa kumi na moja daraja likakamilika. Lori la chama likaanza kupita tena, na Jumatatu ya kwanza hakuna mkebe uliokuja ukingoni.

Jumanne, siku ya soko, duka la Naliaka lilikuwa limejaa watu wa sare za shule. Andati aliingia amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama karibu na cherehani akangoja mpaka mwenye gauni la kijani alipotoka.

"Upepo umeanza," akasema.

Naliaka hakuacha kukanyaga cherehani. "Hakuna maziwa ya kuvusha, Fundi."

"Najua."

"Basi unaenda ng'ambo kufanya nini?"

"Kurudi."

Cherehani ikasimama. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuzungumza, mmoja akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Naliaka alimtazama Andati kutoka kola hadi viatu, akachukua muda wake, naye Andati akasimama akatazamwa.

"Hilo shati," akasema, "kifungo cha tatu kimeshonwa na nani?"

"Na mimi. Kwa kushoto."

"Inaonekana." Alikata uzi kwa meno, akakunja sare aliyokuwa akiishona, akawageukia watu wa kwenye benchi. "Njooni kesho, aki. Zitakuwa tayari saa nne."

Akachukua jaketi lake kutoka kwenye msumari, akafunga duka saa nane mchana, siku ya soko, jambo ambalo majirani wake walilizungumzia mpaka Krismasi.